Pumu na Dawa za Steroidi: Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta

Mwaka huu wahariri wa jarida letu waliniomba niandike makala ya maarifa, nami nimechagua ugonjwa wa pumu, hasa zile dawa ziitwazo steroidi. Sikuchagua kwa kubahatisha. Nina pumu tangu nikiwa darasa la pili, na dada yangu mdogo mwenye umri wa miaka sita anayo pia. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hivyo haya ninayoyaandika nimeyasoma, nimeyauliza kwa daktari, na mengine nimeyaonja mwenyewe.

Neno langu ni moja tu. Katika pumu kuna dawa ambayo mtu akiivuta husikia nafuu papo hapo, na kuna dawa ambayo akiivuta hasikii lolote. Watu wengi huipenda ile ya kwanza na kuiacha ile ya pili. Kumbe hiyo ya pili ndiyo inayoziba ufa!

PUMU NI NINI?

Ndani ya kifua chetu kuna mirija ya hewa iliyogawanyika kama matawi ya mti, kutoka tawi kubwa hadi vitawi vyembamba sana. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hiyo ni myepesi wa kuchokozeka. Ikichokozwa, mambo matatu hutokea. Mosi, misuli inayoizunguka hujikaza. Pili, ngozi ya ndani ya mirija huvimba. Tatu, makohozi mazito hutoka na kuziba njia iliyobaki. Hapo ndipo kifua hubana na kutoa mlio kama filimbi.

Wanaopenda fizikia wataelewa hesabu hii. Upana wa mrija ukipungua ukawa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara 2, bali huweza kufika mara 16. Asiyeamini na achukue mrija wa kunywea soda, azibe pua, kisha apumue kwa mrija huo pekee huku akipanda ngazi za maabara. Nadhani hatafika juu kabla ya kuutupa.

Vichokozi ni vingi. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kila asubuhi naja shuleni kwa miguu. Sote tunalijua vumbi la Nakuru la mwezi wa Januari na Februari. Hata jina la mji wetu husemekana limetoka katika Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Ongeza baridi ya Julai, moshi wa matatu, moshi wa kuni na jiko la mafuta ya taa, mende, manyoya ya paka, unga wa chaki na mafua. Ati mtu aepuke vyote hivyo? Haiwezekani. Ndiyo maana dawa inahitajika.

Pumu si mchezo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini cha kati, ambako dawa hazipatikani kwa urahisi.

INHELA MBILI

Inhela inayojulikana sana ni ile ya bluu, yenye dawa iitwayo salbutamol. Kazi yake ni kulegeza misuli iliyojikaza. Mtu akiivuta, baada ya dakika chache kifua hufunguka. Ni dawa nzuri sana na kila mwenye pumu anastahili kuwa karibu na dawa ya kumfungua kifua. Lakini nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6 tu, kisha huisha. Tena haigusi ule uvimbe wa ndani.

Inhela ya pili, aghalabu ya rangi ya kahawia, ina steroidi. Inayopatikana sana huitwa beclometasone. Nyingine ni budesonide na fluticasone. Hii hailegezi misuli. Kazi yake ni kupoza uvimbe ili mirija isichokozeke ovyo. Uvimbe haupoi kwa dakika tano. Huchukua siku kadhaa hadi majuma kadhaa ya kuvuta dawa kila siku. (Rangi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hivyo soma jina la dawa, usitegemee rangi pekee.)

Mfano mwepesi ni huu. Paa la nyumba likivuja, unaweza kukinga maji kwa ndoo, nayo ndoo itakufaa usiku huo. Lakini ndoo haizibi paa. Inhela ya bluu ni ndoo. Steroidi ndiyo fundi wa paa.

STEROIDI NI KITU GANI?

Wengi wetu tukisikia neno steroidi tunawaza wanariadha waliopigwa marufuku. Hapa Kenya, nchi ya wakimbiaji, jambo hili limetangazwa sana, na tangu mwaka wa 2016 tuna shirika la serikali la kupambana na dawa hizo michezoni. Lakini steroidi ni jina la ukoo mkubwa. Zile za kujaza misuli zinafanana na homoni ya kiume. Zile za pumu zinafanana na homoni nyingine kabisa iitwayo kotiso, ambayo miili yetu hutengeneza kila siku katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Hazijazi misuli. Hata sheria za kimataifa za michezo zinamruhusu mwanariadha kuvuta steroidi ya pumu kwa inhela kwa kipimo cha matibabu, ingawa zile za kumeza zimekatazwa wakati wa mashindano.

Historia yake ni hii. Mwaka wa 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa iitwayo cortisone. Maumivu yaliyokuwa yamemlemaza yalipungua sana baada ya siku chache. Mwaka wa 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Madaktari waliijaribu katika pumu na ikafaulu, lakini kwa kuwa ilimezwa au kudungwa, ilizunguka mwili mzima na kuleta madhara mengi. Hapo ndipo fikira ya kuivuta ilipokuja. Inhela ndogo ya kubonyeza ilikuwa imeshaanza kuuzwa mwaka wa 1956, na inasimuliwa kwamba aliyechochea wazo hilo alikuwa msichana wa miaka 13 mwenye pumu, binti wa George Maison, mkuu wa kiwanda cha dawa cha Riker. Msichana huyo alimwuliza babake kwa nini dawa yake isiwekwe katika mkebe wa kupuliza kama manukato ya nywele. Mwaka wa 1972 inhela ya beclometasone ikaanza kutumika Uingereza. Tangu hapo steroidi iliweza kufika mahali penye uvimbe bila kuzunguka mwili mzima kwa wingi.

MASWALI MAWILI YA NYANYA

Likizo ya Desemba nyanya yangu alikuja kututembelea kutoka kijijini. Alimwona dada yangu akivuta inhela ya kahawia asubuhi na jioni, akamwuliza mamangu, "Mtoto anacheza, anakula, usiku hakohoi. Ya nini kumvutisha dawa kila siku kama mgonjwa?" Mamangu alinyamaza. Nilijua anawaza bei ya ile inhela, maana zahanati ya karibu nasi mara nyingi haina, na kuinunua dukani ni pesa ambazo zingelisha nyumba siku kadhaa.

Nilimjibu, "Nyanya, hakohoi kwa sababu anaivuta."

Nyanya akatikisa kichwa. "Na mjomba wako je? Si dawa hizo hizo zilizomvimbisha uso?"

Wasomaji, maswali hayo mawili si ya kudharau. Watu wengi wanayo, hata wenye elimu. Naomba niyajibu moja moja.

Swali la kwanza: kwa nini mtu mzima wa afya avute dawa? Jibu ni kwamba katika pumu ya kudumu uvimbe hauondoki eti kwa sababu kifua kimetulia. Hulala tu kama moto chini ya majivu. Mgonjwa akiacha steroidi, kwa siku za kwanza haoni tofauti, naye hujisifu kwamba amepona. Kisha linakuja vumbi au mafua, na moto unawaka.

Ushahidi upo. Mwaka wa 2000 watafiti wa Kanada walichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa wa pumu wa jimbo la Saskatchewan. Waliona kwamba kwa kila mkebe mmoja zaidi wa steroidi ya kuvuta alioutumia mgonjwa katika mwaka uliotangulia, vifo vya pumu vilipungua kwa asilimia 21. Tena waliona kwamba waliokatiza dawa hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miezi mitatu ya kwanza kuliko walioendelea. Na mwaka wa 2019 shirika la kimataifa la GINA, linalotoa maelekezo ya tiba ya pumu, lilitangaza kwamba watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi wasitibiwe tena kwa salbutamol pekee. Kila mmoja apate steroidi ya kuvuta, ama kila siku, ama katika inhela ya pamoja yenye steroidi na dawa nyingine ya kufungua kifua iitwayo formoterol. Sisi wa kidato cha tatu sote tumo katika umri huo.

Swali la pili: mjomba. Mjomba wangu ni fundi seremala, na vumbi la mbao humchokoza kifua. Hakuwa akivuta inhela yoyote ya kahawia. Kila alipobanwa alikwenda katika duka moja la dawa, akauziwa vidonge vya prednisolone bila karatasi ya daktari, akameza. Vilimsaidia, basi akaendelea hivyo kwa muda wa karibu miaka miwili. Uso ukawa duara, tumbo likatoka, na alipopimwa hospitalini sukari ilikuwa imepanda.

Prednisolone nayo ni steroidi, ni kweli. Lakini tazameni hesabu. Kidonge kimoja kidogo kina miligramu 5, yaani maikrogramu 5,000. Mvuto mmoja wa inhela ya beclometasone ya kawaida una maikrogramu 100. Kwa hivyo kwa uzito, kidonge kimoja ni sawa na mivuto 50! Tena kidonge hupita tumboni na kuzunguka na damu hadi kwenye mifupa, macho na ngozi, ilhali mvuto huelekea mapafuni. Ndiyo maana vidonge vikitumiwa muda mrefu vinaweza kuleta unene, kisukari, presha, mifupa dhaifu, mtoto wa jicho, na kuchelewesha urefu wa mtoto.

Je, vidonge ni vibaya? La hasha. Pumu ikishambulia vikali, vidonge hivyo huokoa maisha. Daktari huweza kumpa mtu mzima miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, basi. Ubaya ni kuvifanya chakula cha kila siku bila daktari. Na aliyevitumia kwa majuma mengi asiviache ghafla, kwa maana zile tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala zikidhani kazi yao inafanywa na mwingine. Akikatiza mara moja anaweza kuzimia na hata kufa. Mjomba alipunguziwa kidogo kidogo na daktari, akapewa inhela ya kahawia, na siku hizi anafunga kitambaa puani akipiga randa. Uso wake umerudi kama zamani.

Nyanya alisikiliza yote hayo. Siku hizi akipiga simu, kabla hata ya kuuliza habari za shule, husema, "Mpe simu mjukuu wangu mdogo nimwulize kama amevuta."

JE, INHELA YA STEROIDI HAINA UBAYA?

Sitawadanganya. Dawa isiyo na ubaya wowote ni nadra. Steroidi ya kuvuta inaweza kukausha sauti, na inaweza kuleta utando mweupe wa ukungu mdomoni. Kinga yake ni rahisi: sukutua kwa maji na uteme kila baada ya kuvuta. Watoto nao wanaweza kupungukiwa urefu kidogo. Uchunguzi wa watoto wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka wa 2012 uliwafuata hadi utu uzima, ukaona kwamba waliotumia budesonide walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 kwa wastani kuliko wasioitumia. Sentimita moja na kidogo! Mimi niko tayari kuitoa nipate kulala usiku. Isitoshe, daktari hujaribu kumpa mgonjwa kipimo kidogo kabisa kinachotosha, na hukipunguza pumu ikitulia. Ila apunguze daktari, si mgonjwa mwenyewe wala jirani.

NAMNA YA KUIVUTA

Dawa nzuri ikitumiwa vibaya ni pesa zilizotupwa. Wengi hubonyeza inhela na dawa ikaishia kooni. Fuata hatua hizi:

1. Tikisa inhela na uondoe kifuniko.
2. Toa pumzi yote polepole.
3. Fumba midomo kwenye mdomo wa inhela.
4. Anza kuvuta pumzi polepole, na papo hapo ubonyeze mara moja. Endelea kuvuta hadi kifua kijae.
5. Zuia pumzi kwa sekunde 10, kisha utoe.
6. Kama umeagizwa mvuto wa pili, ngoja kidogo, tikisa, rudia.
7. Sukutua mdomo na uteme.

Watoto, na hata sisi wakubwa, hufaidika zaidi kwa kutumia chombo cha kati kinachoshika dawa kabla ya kuvutwa. Chombo hicho ni ghali, lakini chupa ya plastiki ya nusu lita yaweza kukishikia nafasi. Chupa ioshwe na ikaushwe, itobolewe tundu chini lenye umbo la mdomo wa inhela ili inhela iingie na kukaza, kisha mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa na kupumua. Si utani wa jua kali huo. Mwaka wa 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Heather Zar, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kwa watoto walioshambuliwa na pumu chupa ya namna hiyo ilifanya kazi vizuri kama chombo cha dukani. Dada yangu anayo ya kwake; ameichora maua.

MWENZAKO AKISHAMBULIWA

Hapa steroidi ya kuvuta haitoshi; inatakiwa ile ya kufungua kifua haraka. Mketishe wima, usimlaze. Mlegeze tai na kola. Msimzunguke kama watazamaji wa mpira. Mwacheni apate hewa. Mpe mvuto mmoja wa inhela ya bluu kwa chupa, apumue mara nne, kisha mwingine, hadi mivuto 4. Ngoja dakika 4. Asipopata nafuu rudia, na mwalimu aitwe, gari litafutwe. Akishindwa kumaliza sentensi moja, midomo ikigeuka rangi, au kifua kikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hiyo si nafuu bali ni hatari. Apelekwe hospitali mara moja, na aendelee kupewa mivuto njiani.

OMBI LANGU

Wenzangu wenye pumu, nawajua mlivyo. Wengine huvutia inhela chooni kwa kuogopa kuitwa "kifua mbovu". Mficha maradhi kifo humuumbua. Vuta mbele za watu, na ile ya kahawia ivute nyumbani asubuhi na jioni unapopiga mswaki, ili usisahau na upate kusukutua hapo hapo. Ukiona unaihitaji ile ya bluu zaidi ya mara mbili kwa juma, jua uvimbe haujapoa; rudi kwa daktari.

Ninyi msio na pumu, mkimwona mwenzenu anavuta inhela msimcheke wala msimwombe "aonjeshe".

Na kwa walimu wetu, kwa unyenyekevu mkubwa naomba mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi mwenye pumu aruhusiwe kuiweka inhela mfukoni badala ya kuifungia ofisini, kwa kuwa pumu haingoji ufunguo. Pili, sanduku letu la huduma ya kwanza liwe na inhela moja ya salbutamol na chupa moja ya nusu lita iliyotobolewa. Mwaka wa 2025, Siku ya Pumu Duniani, ambayo huadhimishwa Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Mei, ilibeba wito wa kuwapatia watu wote dawa za kuvuta. Wito huo unaweza kuanza kutimizwa hapa hapa, kwa chupa tupu na kisu.

Wino unaniishia na mhariri ananitazama. Nawatakieni nyote pumzi njema.